Mama Labo anajibu: damu yetu iko wapi?

Wasomaji wangu wapenzi, katika toleo lililopita niliandika mistari michache kuhusu utafiti wa ADN, yaani ule urithi ulioandikwa ndani ya kila chembe ya mwili, na jinsi sisi watu wa Afrika tulivyo wachache ndani yake. Nilidhani ni habari ya kupita. Kumbe niligusa kidonda. Barua zimekuja kutoka Katuba, Ruashi, Kampemba, hata Likasi na Kipushi, nyingi kuliko za malaria na presha zikiwekwa pamoja. Nimechagua tano. Kwa asiyenijua: nilifanya kazi ya labo, yaani maabara, miaka 31 hapa Lubumbashi kabla ya kupumzika. Mimi si daktari. Najibu kwa yale niliyoyashika kwa mikono yangu na yale ninayoyasoma kila asubuhi kabla jua halijawa kali.

Mama Labo, jambo. Mimi ni mwanafunzi. Watu wa utafiti walifika kwenye kituo chetu cha afya wakaomba tutoe damu ya kusoma ADN. Walisema Waafrika ni wachache sana katika data ya dunia. Nilitaka kukubali, lakini nkambo yangu, mzee wetu wa nyumbani, alinikataza. Anasema damu ya watu weusi ilianza kuchukuliwa tangu wakati wa Wabelgiji, na yeye hajaona kilichorudi. Nani ana haki? — Mwanafunzi, Kampemba

Mwanangu, nkambo yako ana haki. Wewe pia una haki. Nianze na nkambo, maana ndiye mkubwa.

Mwaka 1959, mwaka mmoja kabla ya uhuru, damu ya watu ilikusanywa Léopoldville, mji tunaouita leo Kinshasa. Mtafiti mmoja wa Marekani, Arno Motulsky, alikuwa anachunguza mambo ya urithi yaliyomo ndani ya damu: ugonjwa wa selimundu tunaouita SS, ambao chembe nyekundu hupinda kama mundu; upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu; na jinsi mambo hayo yanavyohusiana na malaria. Damu ile ilivuka bahari ikahifadhiwa kwenye baridi. Katika miaka ya 1980 watafiti wengine waliifungua tena, safari hii wakitafuta virusi vya ukimwi, na chupa moja ikakutwa navyo. Mwaka 1998 uchambuzi wake ulichapishwa. Wakati huo hapakuwa na alama ya zamani zaidi ya virusi hivyo katika mwili wa binadamu. Wataalamu wamejifunza mengi kuhusu asili ya ukimwi kwa chupa ile moja. Na mwenye damu? Katika maandishi yao ni mwanaume mtu mzima wa Léopoldville, basi. Jina lake halimo. Kama alikuwa na mke, kama alikuwa na watoto, hakuna aliyewabishia hodi.

Nami nina la kwangu. Nilikuwa bado kijana kazini siku timu ya wageni ilipofika na masanduku yao meupe ya barafu. Mimi ndiye niliyewatoa watu damu. Mirija ilikuwa na vifuniko vya zambarau. Kila mmoja niliupindua polepole mara nane ili damu isigande, nikaandika namba juu yake kwa kalamu isiyofutika. Watu waliambiwa majibu yatakuja. Kulikuwa na papa mmoja, seremala, aliyekuwa anapita kwenye dirisha la labo kila mwisho wa mwezi akitoka kununua misumari. Aliweka kichwa dirishani: "Mama, jibu lilikuja?" Nilimwambia bado. Alipita hivyo karibu mwaka mzima. Alipoacha kupita niliona haya kubwa, na haya ile haijaniisha. Namba ya mrija wake ilikuwa 37.

Kwa hiyo mwambie nkambo yako kwamba mwanamke aliyekuwa ameshika sindano anakubaliana naye.

Sasa haki yako wewe. Jenomu ya binadamu, yaani kitabu kizima cha urithi chenye herufi karibu bilioni 3, ilitangazwa kukamilika mwaka 2003. Karibu 70% ya kitabu kile ilitoka kwa mtu mmoja tu, aliyeitikia tangazo la gazeti katika mji wa Buffalo, Marekani, mwaka 1997. Ukipimwa ADN leo, herufi zako hulinganishwa na kitabu kama kile. Baadaye watafiti walichunguza watu 910 wenye asili ya Afrika, wakakuta herufi karibu milioni 300 ambazo watu hao wanazo na kitabu hakina. Milioni 300, mwanangu! Zilikuwa ndani ya miili ya watu, zikifanya kazi au zikilala, na kitabu cha dunia hakikuzijua.

Halafu kuna tafiti kubwa zinazolinganisha jenomu za watu wagonjwa na za watu wenye afya ili kujua ni herufi ipi inaleta ugonjwa gani. Mwaka 2009, kati ya kila washiriki 100 wa tafiti hizo, 96 walikuwa wenye asili ya Ulaya. Mwaka 2016 walikuwa wameshuka hadi 81, lakini nafasi iliyoachwa ilijazwa zaidi na watu wa Asia. Wenye asili ya Afrika walikuwa 3. Na wengi wa hao watatu ni watu weusi wa Marekani na Uingereza. Wa Likasi au wa Kolwezi usiwatafute humo.

Utaniuliza: inanihusu nini mimi wa Kampemba? Sikiliza hii. Mwaka 2005, huko Dallas, Marekani, watafiti Helen Hobbs na Jonathan Cohen waliona kwamba kati ya watu weusi 100 waliowapima, karibu 2 wana jeni (kipande kimoja cha urithi) iitwayo PCSK9 isiyofanya kazi, na kolesteroli mbaya ya watu hao iko chini sana tangu kuzaliwa. Mwaka uliofuata waliandika kwamba ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa watu hao ni pungufu kwa 88%. Wenye viwanda vya dawa wakajiuliza: tukiiga kile ambacho urithi umewafanyia hawa? Mwaka 2015 dawa mbili za namna hiyo ziliidhinishwa Marekani, na leo zinakinga mioyo ya watu wa kila rangi. Mabadiliko yale ya jeni ni haba mno kwa Wazungu. Kama pale Dallas wangepima Wazungu peke yao, nani angeyaona?

Na hapa kwetu kazi imeanza. Mpango ulioitwa H3Africa ulitangazwa mwaka 2010, kwa fedha za serikali ya Marekani na za mfuko wa Wellcome wa Uingereza, ukiongozwa na watafiti wa Afrika wenyewe. Kongo yetu iliingia kupitia utafiti wa malale. Mwaka 2020 walichapisha jenomu za watu 426 tu, kutoka katika jamii za lugha 50, na ndani yake walikuta mabadiliko zaidi ya milioni 3 ambayo hayakuwa yameandikwa popote. Watu 426 hawajazi hata ukumbi wa harusi wa Kamalondo.

Basi ukirudi kituoni, usiishie kutazama kama watu wale wana sura nzuri. Uliza friji iko wapi, na nani ana ufunguo. Uliza kama damu yako itatumiwa kesho kwa utafiti mwingine ambao leo hujaelezwa, na kama watarudi kukuomba ruhusa upya. Uliza: wakikuta kwako jambo linaloweza kutibiwa, nani atakupigia simu, na atasema nawe kwa Kiswahili au kwa Kifaransa cha daktari? Uliza kamati ya maadili iliyoupitisha utafiti ni ya wapi. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kamati yake. Omba nakala ya karatasi utakayotia sahihi uende nayo nyumbani, uisome mbele ya nkambo. Wasan wa Afrika Kusini, watu waliochunguzwa mpaka wakachoka, waliandika kanuni zao wenyewe mwaka 2017: anayetaka kuwatafiti apitie kwao kwanza, aseme ukweli, arudishe alichokiona. Walifanya vizuri sana, na sioni kwa nini kartie zetu zisifanye vilevile.

Ukijibiwa yote, toa damu. Wakikwepa hata moja, kunywa munkoyo wako urudi nyumbani.

Mama Labo, nina miaka 29, ni fundi wa kuchomelea chuma. Niliitwa kazi kwenye kampuni moja ya mgodi, nikafaulu majaribio yote. Kwenye kipimo cha afya waliandika chembe nyeupe za damu 3,200, wakachora mstari mwekundu chini yake. Walinipima ukimwi mara mbili, hakuna. Walirudia chembe: 3,100. Kazi ikapewa mtu mwingine. Mke wangu ananitazama kwa mashaka hadi leo. Mwaka huu sijaumwa hata mafua. Nina nini? — Fundi, Katuba

Ndugu yangu fundi, barua yako niliisoma mara tatu, kwa sababu 3,100 ni namba yangu pia.

Zamani hatukuwa na mashine. Tulihesabu kwa macho. Unachukua damu kidogo, unaichanganya mara 20 na maji ya Türk, dawa ya rangi ya zambarau yenye asidi ileile ya siki. Chembe nyekundu zinapasuka na kutoweka. Nyeupe zinabaki, kama punje za mtama zilizochovywa kwenye wino. Unaingiza tone kwenye kioo chenye mistari ya miraba, unaweka jicho kwenye darubini, unahesabu miraba mikubwa minne ya pembeni, unazidisha kwa 50. Umeme ukikatika unageuza kioo cha darubini kuelekea dirishani, unaomba wingu lisipite.

Kila mwezi wa kwanza wa mwaka, kabla ya mgonjwa yeyote, nilijitoboa kidole changu mwenyewe ili kujaribu dawa mpya na kujaribu macho yangu. Mara ya kwanza nilihesabu chembe 62. Mara 50, ni 3,100. Moyo ulinipasuka. Nilijua ukimwi ni nini, nilikuwa naupima kila siku. Nikarudia: 64. Nikajipima ukimwi usiku, peke yangu, mlango nimefunga. Hakuna. Mwaka uliofuata nilipata 59, uliofuata 63. Yote yameandikwa kwenye daftari lenye jalada la bluu ambalo liko mezani hapa ninapoandika. Katika miaka 31 nimevuka 4,000 mara moja tu, mwaka niliokuwa na jipu kubwa kwapani: siku ile zilikuwa 7,900. Jipu lilipopona zikarudi kwao.

Miaka mingi sikuwa na maelezo. Sasa ninayo, na nataka uyasome polepole. Juu ya chembe nyekundu za watu wengi duniani kuna kitu mfano wa kitasa cha mlango, kinaitwa Duffy, kwa jina la mgonjwa ambaye kupitia damu yake kiligunduliwa London mwaka 1950. Sisi watu wa Afrika ya kati, karibu wote, hatuna kitasa hicho kwenye chembe nyekundu. Mwaka 1976 ilionekana kwamba malaria ya aina ya vivax hutumia kitasa hicho kuingia ndani ya chembe. Ndiyo maana malaria inayotuua hapa ni falciparum, na vivax kwetu ni haba. Wazee wetu waliopoteza kitasa walipata ngao. Halafu mwaka 2009 watafiti wakaonyesha, kwa damu ya watu weusi wa Marekani, kwamba badiliko lilelile ndilo linalofanya nyutrofili, kundi kubwa la chembe nyeupe, ziwe chache katika damu inayozunguka. Mtu wa namna hiyo haugui maradhi ya kuambukiza kuliko wengine. Askari wapo, ukiingia adui, wanatoka. Ndivyo jipu langu lilivyoonyesha.

Sasa tazama karatasi yako. Pembeni pamechapwa kiwango kinachoitwa cha kawaida: 4,000 hadi 10,000. Kawaida ya nani? Kiwango hicho kilipatikana kwa kupima watu wazima wa Ulaya na Marekani, kikachapwa, kikaingizwa kwenye mashine, mashine ikauzwa hadi Katuba. Mashine haijui Duffy. Inaona 3,200, inachora mstari. Ni wangapi wamekosa kazi kama wewe, wangapi wamecheleweshewa dawa ya saratani wakisubiri chembe zipande kufikia namba ambayo haijawahi kuwa yao? Marekani, tangu mwaka 2015, wagonjwa wa akili wenye hali hii wamewekewa kiwango chao cha chini zaidi kwa dawa ya clozapine, ili wasinyimwe bila sababu. Kiwango kinaweza kubadilishwa. Kinachotakiwa ni watu wa hapa kupimwa kwa wingi na namba zao kuandikwa. Hiyo ndiyo faida ninayoitamani kuliko zote katika mambo haya ya utafiti, kuliko hata dawa mpya: karatasi ya labo inayotujua.

Lakini sitaki mtu asome hapa akatupa majibu yake. Chembe nyeupe hushuka pia kwa ukimwi, kwa homa ya matumbo, kwa dawa kadhaa, kwa utapiamlo, na kwa magonjwa ya uboho. Kinachonipa moyo kwako ni mambo matatu yakiwa pamoja: namba haiyumbi, ukimwi hakuna, na huumwi. Nenda kwa daktari mwenye subira, na majibu yako yote, hata ya zamani. Rudia kipimo baada ya miezi michache, na mwombe aangalie nyutrofili peke yake, chembe nyekundu na chembe sahani. Zikiwa sawa, aandike kwa mkono wake na mhuri kwamba hii ndiyo hali yako ya kuzaliwa. Karatasi hiyo ipeleke kwenye kazi nyingine pamoja na vyeti vyako vya uchomeleaji.

Na gazeti hili mpe mke wako. Dada yangu, mumeo ana damu kama yangu, na mimi nina wajukuu sita.

Kwenye fomu ya utafiti kulikuwa na sehemu ya "kabila". Baba yangu ni Muluba wa Kasai, mama ni Musanga, na mama wa mama ni Mubemba wa Zambia. Mume wangu alisema niache wazi, kwa sababu mambo ya 1993 yalianza na kuhesabiana namna hii. Niandike nini? — Mama wa mapacha, komini ya Kenya, Lubumbashi

Mama wa mapacha, heshima yako. Mumeo hakusema neno la bure. Nilikuwepo. Niliona familia za Kasai, zilizofukuzwa hapa Katanga, zimelala kwenye stesheni ya Likasi, wiki juu ya wiki, masufuria na magodoro nje, wakisubiri treni iwapeleke mahali ambapo wengi wao hawakuwahi kufika. Wenzangu wawili wa labo waliondoka hivyo. Mmoja alizaliwa hapahapa. Kwa hiyo mtafiti anayeleta fomu ya kabila Lubumbashi, akashangaa kuona watu wanasita, hajajifunza mji alioingia.

Na mji wenyewe ni wa mchanganyiko tangu siku ya kwanza. Reli ilifika Élisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, mwaka 1910 ikitokea kusini, shaba ikaanza kuyeyushwa 1911, na kampuni ya migodi ya Union Minière ikaenda kutafuta wafanyakazi Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, Lomami, hadi Ruanda na Urundi. Mapacha wako wana njia zote hizo katika damu.

ADN haijui neno "Muluba". Kabila ni lugha, malezi, na jina alilokupa babu. Urithi wa mwili unafuata safari za mababu, na mababu zetu wengi wa lugha za Kibantu walianza safari hiyo upande wa Kamerun na Nigeria, miaka kati ya 4,000 na 5,000 iliyopita, wakioa njiani watu waliowakuta. Tena Afrika ndilo bara lenye tofauti nyingi kuliko yote, kwa sababu binadamu ameishi hapa muda mrefu kuliko popote. Ndiyo maana neno "Mweusi" kwenye fomu ya Marekani linamwambia mtafiti kidogo sana: linamweka Mbuti wa Ituri, Msomali na mimi katika kapu moja.

Kinachosaidia kweli ni kujua babu na bibi zako wanne walizaliwa wapi, na kila mmoja alisema lugha gani nyumbani. Hilo lisikuogopeshe kulijibu, kwa sharti moja. Muulize anayekuandikisha: karatasi yenye jina langu na karatasi yenye habari za babu zangu zinafungiwa kabati moja? Zikiwa kabati moja, mfuate mumeo, acha wazi. Zikiwa zimetengwa, na katikati yake iko namba tu, jaza zote nne.

Mimi ni AS, yaani nilirithi selimundu kwa mzazi mmoja tu, na nina miaka 51. Kipimo cha sukari cha miezi mitatu kilisema niko salama, lakini kiu hainiachi na usiku naamka kukojoa mara nne. — Papa wa Kipushi

Papa, nenda kesho asubuhi bila kula, hata chai, upimwe sukari ya kawaida ya kufunga. Kipimo cha miezi mitatu husoma sukari iliyoganda kwenye chembe nyekundu. Kwa mtu wa AS, au mwenye upungufu wa G6PD, kinaweza kusoma chini ya ukweli. Hili lilionekana wazi mwaka 2017, walipochunguza watu weusi kwa wingi. Mwambie daktari kwamba wewe ni AS kabla hajasoma karatasi.

Mtoto wangu ana miaka 7, ni SS. Nimesikia redioni kwamba wamepata dawa ya kurekebisha jeni, mtoto anapona kabisa. Nina kiwanja kimoja Ruashi. Nikiuze? — Mama wa Ruashi

Mama mwenzangu, usiuze kiwanja.

Ulichosikia ni kweli. Inaitwa Casgevy, iliidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023. Wanatoa chembe-mama za damu za mgonjwa, wanazikata jeni moja kwa ustadi, wanauchoma uboho wa zamani kwa dawa kali, kisha wanamrudishia chembe zake. Bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, na iliidhinishwa kwa wenye miaka 12 na zaidi. Nimelia nilipoisoma, kwa furaha na kwa uchungu, kwa sababu ninawakumbuka watoto wa SS waliokuja labo mwangu mgongoni mwa mama zao saa nane za usiku, weupe kama karatasi.

Lakini iko dawa nyingine, ya vidonge, inaitwa haidroksiurea. Marekani waliipitisha kwa watu wazima wa SS mwaka 1998. Kwetu watu waliiogopa zaidi ya miaka ishirini: walisema inapunguza kinga, na katika nchi ya malaria itaua watoto. Hofu hiyo haikuwa na jibu, kwa sababu watoto wa nchi za malaria hawakuwa wamechunguzwa kwa wingi. Mpaka ulipofanyika utafiti uitwao REACH, katika Angola, Kenya, Uganda, na Kinshasa yetu, kwa watoto 606. Matokeo yalichapishwa 2019. Maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, vifo vilipungua, na malaria yenyewe, ile tuliyoihofia, ilipungua karibu nusu. Wale mama wa Kinshasa waliokubali watoto wao waingizwe wamewafungulia njia mama wote wa Kongo, na mimi ninawashukuru bila kujua hata jina la mmoja wao.

Mpeleke mtoto kwa daktari anayefuata watoto wa SS, umtajie dawa hiyo kwa jina. Atapima uzito wake apate kipimo cha dawa, na atataka damu ipimwe mara kwa mara, kwa sababu haidroksiurea hushusha chembe nyeupe. Hapa naomba unisikilize kwa makini. Kabla ya kidonge cha kwanza, apimwe chembe zake mara mbili, na namba uziandike wewe mwenyewe, kwa tarehe. Siku watakapokwambia ziko chini, utafungua ukurasa wa kwanza uwaonyeshe zilikuwa ngapi kabla ya dawa. Nunua daftari la jalada gumu. Atalitumia miaka mingi.

Mama Labo